Niazime Jiko Lako Hadi Majira ya Joto

Walisema sitaweza. Sisemi kwa fumbo, majina yao ninayo, na baadhi yao bado tunasalimiana sokoni hapa Singida. Baba mdogo Mtinda, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Dodoma kumwona daktari wa macho, alitangaza mbele ya watu waliokuja kuniaga kwamba stashahada yangu ya ufundi ingenifikisha uwanja wa ndege tu.

"Hiyo mitambo ni Mzungu aliyeitengeneza," alisema. "Wewe unakwenda kumtengenezea nini? Nani atakuamini hata akufungulie mlango?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu wali ulikuwa bado haujapakuliwa. Lakini nililibeba neno lile hadi Birmingham, na nimelirudisha juzi nikiwa nimestaafu, nikiwa na nyumba yangu na afya yangu. Boila zote, ile mitambo ya gesi ya kupasha nyumba joto, nilizofungua Uingereza niliziacha zinawaka, isipokuwa zile zilizokuwa zimekufa kabla sijafika. Mlango nilifunguliwa. Sitajifanya mnyenyekevu hapa, unyenyekevu nitawaachia wenye shahada.

Ninyi mafundi vijana mnaoanza kazi ya mifumo ya joto, na ninyi mlioachiwa lile kundi letu la Waswahili kwenye simu, mmeniomba niandike. Vyeo siviandiki, wala mshahara. Nitaandika jinsi mtu anavyoaminiwa, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kuna mtu alikaribia kuzikwa kwa sababu sikuaminiwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Derek. Alikuwa mfupi, mzaliwa wa Kingstanding, mtaa mkubwa wa nyumba za halmashauri kaskazini mwa jiji, na alijua kila boila ya pale kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Tuliingia nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa amevaa koti ndani. Tangu mlangoni nilisikia pampu inagonga. Nikafungua mdomo, Derek akanikanyaga mguu. Akaomba chai. Tukakaa. Akamuuliza bibi, "Unadhani ina nini?" Bibi akaeleza kwamba jirani wa juu anamwibia joto kupitia ukuta. Derek alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jirani huyo anaiba saa ngapi, akanywa chai yote, ndipo akafungua mfuniko na kumwonyesha pampu.

Garini nilimwambia tumepoteza muda, kosa nililisikia tangu mlangoni.

"Hata mimi," alisema. "Lakini ungelisema mlangoni, tungekuwa wajinga wawili waliokuja bila hodi. Kwanza jua mtu anaamini nini. Boila utaitengeneza leo. Anachoamini kitakusubiri ukirudi."

Siku ile sikumwelewa. Nilikuwa na stashahada, na mwenye stashahada huona haraka sana.

Derek ndiye aliyenipa pia kipimo cha mfukoni, kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho fundi hukibana kwenye koti. Kinapima kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye chochote kinachoungua vibaya, iwe gesi, kuni au mkaa. "Hii ndiyo pua yako," aliniambia. "Ile uliyozaliwa nayo haifai kitu kwa kazi hii." Vijana, kibaneni kila siku, hata siku ambayo mnakwenda kubadilisha bomba la maji tu. Nitaeleza kwa nini.

Miaka ile ya kwanza ilinifundisha mengi kuhusu Waingereza ambayo nyumbani yanasimuliwa kinyume. Nyumbani tunaamini kwamba Mzungu yeyote anajua mitambo. Nendeni Sutton Coldfield, kwenye nyumba za wenye nacho, mkamwone mhandisi mstaafu anayepiga boila yake kwa kandambili. Nilimkuta mmoja. Tena kidhibiti joto cha ukutani alikuwa anakizungusha hadi mwisho ili nyumba ipate joto haraka, kama dereva anayekanyaga mafuta. Kile si pedali. Kinaiambia boila mahali pa kusimama tu; ukikiweka mwisho, nyumba haipati joto haraka zaidi, bali inapitiliza. Nilimweleza baada ya chai. Alinisindikiza hadi barabarani na kumwambia mkewe, kwa sauti, kwamba hatimaye wamepata fundi. Nilitamani baba mdogo Mtinda angekuwa nyuma ya ua ule.

Kundi la kwenye simu alilianzisha Njoki, muuguzi kutoka Nyeri, ili watu waulizane habari za daktari, shule na nyumba. Wakaingia Wakenya, Watanzania wa bara na wa visiwani, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Kisha wakaongezwa ndugu walioko nyumbani, na hapo ndipo maswali yalipoanza kutoka yale ya nauli na kuingia kwenye maajabu. Mimi nikajipa kazi ya kujibu. Hakuna aliyenichagua, niliona uongo unapita bila tiketi, nikasimama mlangoni. Wakaniita Mzee Diploma. Walidhani ni tusi.

Mtu wa Kisii aliuliza kama ni kweli kwamba wazee wa Uingereza wanaogeshwa na roboti, ndiyo maana watu wanaokwenda kule kulea wazee wanarudi na mikono laini. Njoki alituma ujumbe wa sauti akiwa bado na pumzi za ngazi: "Aki huyo roboti ni mimi. Mgongo wangu ndio betri. Ukitaka kuona mikono laini, kuja unishikie huyu mzee upande mmoja nimgeuze."

Mwingine aliuliza kwa nini watu walioendelea hivyo wana mabomba mawili kwenye sinki, moja linaunguza na moja linagandisha. Akajibiwa na watu sita, wote kwa uhakika, kwamba ni adhabu ya zamani ya watumishi. Nikaeleza kwamba katika nyumba za zamani maji ya kuchemshwa yalipitia tangi la darini, na tangi la darini huingia vumbi na hata panya. Maji baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba kuu, ya kunywa. Hawakutaka yachanganyike. Watu walisikitika. Adhabu ya watumishi ilikuwa hadithi tamu zaidi.

Basi niliendelea hivyo kwa miaka. Mtu anadai kamera za barabarani zinasoma ujumbe kwenye simu, namjibu. Mtu anadai Mwingereza akikuambia karibu chai siku moja amekualika, namwambia asiende bila kutajiwa siku. Nilifurahia, sifichi. Nilikuwa najibu nikiwa kwenye basi, nikiwa kwenye foleni ya benki, mke wangu Mama Neema akisema nimeoa simu.

Kisha akaja Doto.

Doto alikuwa kijana wa Mwanza aliyefanya kazi kwenye ghala la Washwood Heath, upande ule wa viwanda vya zamani ambako sasa wanajenga mambo ya reli. Alikuwa na chaneli yake ya video, sauti nzuri, na taa ya duara iliyomng'arisha macho. Alifundisha kwamba mita mpya za umeme zinatoa mawimbi yanayochemsha ubongo, na kwamba zile kengele nyeupe za kuonya moshi, za darini na ukutani, zinasikiliza maongezi ya wageni na kuyapeleka serikalini. Nilipomjibu kwamba ndani ya kengele hamna hata kinasa sauti, nami nimezifungua nyingi, aliandika mbele ya watu wote: "Mzee wangu, diploma yako ni ya enzi za redio za mkulima. Pumzika." Wakaweka vikatuni vya kucheka. Wengi waliocheka nilikuwa nimewatengenezea boila.

Mwanzo wa baridi, katikati ya mabishano hayo, Bi Zuhura akatuma ujumbe.

Bi Zuhura alikuwa bibi wa Unguja, mkaazi wa Washwood Heath pamoja na bintiye aliyefanya kazi za zamu na mjukuu wake Salha, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Kila mtu alimjua kwa mkate wa kumimina. Aliuoka kwa jiko la mkaa alilolileta kwenye sanduku kutoka nyumbani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na hakukubali kwamba oveni inaweza kazi hiyo. Alituma sauti: "Jamani, tangu waniwekee mita mpya kichwa chaniuma, na mtoto atapika. Nikitoka kwenda kwa watu napoa. Nikirudi, kile kile. Ni hii mita?"

Doto akajibu kabla hata sauti haijaisha kuchezwa. Ni mita. Aifunge kwa karatasi ya alumini, na kengele aivike soksi.

Nami nilijua ni nini. Maumivu yanayokwisha ukitoka nje na kuanza ukirudi, fundi yeyote wa gesi anajua yanatoka wapi. Nikamuuliza anapikia wapi siku hizi za baridi. Akasema ndani, jikoni, amefunga madirisha, lakini nisiwe na wasiwasi kwa kuwa mkaa wa dukani wa Uingereza hauna moshi, imeandikwa kwenye mfuko.

Hapo nikajibu kwa urefu. Nilisema mkaa hautoi moshi, ndiyo, lakini unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Nikasema kengele ya moshi haiisikii hewa hiyo, na dirisha la nusu haliitoi. Nikasema nyumbani tunapikia uani au jikoni penye madirisha ya nondo, upepo unapita, na hata hivyo tumezika watu waliolala na jiko. Sasa nyumba ya Birmingham imezibwa kama chupa ya chai. Nikasema asipike ndani tena hata mara moja. Kila neno lilikuwa sahihi. Ninaweza kulitetea mbele ya mtahini yeyote.

Jibu la Doto lilikuwa fupi: "Bibi zetu wamepika kwa mkaa tangu dunia iumbwe. Leo mzee anasema mkate wa Bi Zuhura ni sumu."

Mimi sikusema mkate. Lakini ndivyo ilivyosomwa. Watu wa Unguja wakakasirika kwa niaba ya mkate, wa bara wakacheka, na Bi Zuhura akatoka kwenye kundi.

Nikapiga video. Niliwasha mkaa wa dukani kwenye jiko langu ndani ya banda la bustani, mlango wazi nusu, nikaning'iniza kengele ya kaboni monoksaidi, mimi nikiwa nje. Hakukuwa na moshi hata uzi mmoja. Baada ya muda mfupi kengele ikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Nikaituma nikijua nimemaliza ubishi. Watu wakaitazama, kisha wakaandika kwamba imetengenezwa na akili mnemba. Mmoja alithibitisha: vidole vyangu vilikuwa vingi mno. Nimezaliwa na vidole vyangu vya kawaida na sijawahi kuulizwa habari zake, hata na maofisa wa uhamiaji.

Niliweka simu mezani. Nilikuwa nimesema kweli kwa maneno, kwa picha na kwa sauti, na kweli yote ilikuwa imebaki kwangu. Na kule Washwood Heath, Alhamisi ilikuwa inakuja, siku ya kuoka mkate wa Ijumaa.

Nilimpigia Njoki aende yeye, mwanamke na muuguzi. Akasema ameshapiga simu, bibi anajibu salamu na kubadilisha mada. "Mzee, huyo mama hajakasirikia hewa," alisema. "Amekukasirikia wewe. Sasa hata ukimwambia nyumba inawaka, atakuuliza ni nani ameuliza."

Mama Neema alikuwa jikoni anasikia. Bila kugeuka akasema, "Sahani yake ipo hapa tangu Idd."

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini watoto waliozaliwa kule huenda wakahitaji. Bi Zuhura alikuwa ametuletea vileja wakati wa Idd, na sahani ya mtu hairudi tupu. Mama Neema alikuwa anangoja kitu cha kufaa kukiweka. Asali ya Singida ilikuwa imefika wiki ile. Na mtu anayekuja kurudisha sahani, hata kama mmegombana vipi, huwezi kumfungia mlango.

Nikavaa koti la kazi na kwenda.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mkumbo, fundi. Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba." Mlango ulifunguka kwa upana wa uso wake. "Umekuja kunisomesha?"

"Nimekuja kurudisha sahani."

Akaitazama sahani, akautazama mtungi. "Asali hii ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Haya ingia. Usisimame mlangoni na asali, itaganda."

Nikamkumbuka Derek, nikaomba chai. Akafurahi kidogo, akaniongoza jikoni. Jiko lilikuwa sakafuni, mkate juu yake, makaa mekundu juu ya mfuniko, mazuri kama picha, bila moshi kabisa. Mita ya ukutani ilikuwa imefungwa karatasi ya alumini. Kengele ilikuwa imevishwa soksi ya mtoto. Ile soksi ilikuwa na vipepeo.

Kipimo changu cha mfukoni kikaanza kulia.

"Simu yako yalia," alisema. "Pokea."

Hapo ndipo nilipokuwa na jibu zuri mdomoni, lote, na ushahidi unaolia kifuani. Vijana, nililimeza. Nilifungua mlango wa uani, nikashika taulo, nikasema, "Bi Zuhura, naomba uniazime hili jiko."

"Uazime? Lawaka!"

"Nina shida nalo hivi hivi."

"Na mkate wangu?"

"Uchukue. Nifuate nao."

Nikalibeba hadi uani, naye akatoka nyuma yangu akinitukana kwa Kiunguja kizuri sana, akilinda mkate. Tulipokuwa nje wote wawili nikamuuliza nani mwingine yumo ndani.

"Salha. Yuko juu, kalala. Kichwa tena. Nimemfukizia udi kidogo apate nafuu."

Chetezo kilikuwa kando ya kitanda, na makaa yake. Nilikitupa nje kwa dirisha. Mtoto alikuwa mzito, mzito kwa namna ambayo mtoto aliyelala si mzito. Nilimshusha ngazi nikimwita jina. Nje baridi ilimpiga usoni, akatapika kwenye bega langu, kisha akalia kwa Kiingereza kwamba tumwache alale. Sijawahi kukipenda Kiingereza cha Birmingham kama siku ile.

Nikapiga namba ya dharura. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha uani, mkate mapajani juu ya taulo.

Hospitali waliwapa oksijeni wote wawili. Njoki alikuja na sare yake, akasoma karatasi za vipimo, akanitazama, akatingisha kichwa polepole. Walipona. Kama mmoja wao angelala na chetezo kile hadi asubuhi, nisingeandika haya. Ningebaki na ukweli wangu tu, na sijui ningeupeleka wapi.

Jioni Bi Zuhura alivua barakoa ya hewa ili aniseme. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwenye kundi."

"Pale ulikuwa wawaambia watu," alisema. "Miye hukuniambia."

Muuguzi akamrudishia barakoa. Bibi alikuwa amemaliza.

Nimefanya mitihani mingi ya gesi na nimeifaulu yote, lakini somo hilo halikuwamo kwenye silabasi. Ukimsahihisha mtu mbele ya watu, hata ukiwa sahihi, umempa kazi mbili: kukubali, na kukubali akitazamwa. Wengi wanaiweza ya kwanza. Ya pili wachache.

Kwa hiyo sikutuma ujumbe mwingine juu ya mkaa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiazima. "Mama Aisha, una jiko? Niazime hadi majira ya joto, nina shughuli nalo." Wakongo, Wakenya, watu wa Tanga, wote. Hakuna aliyeuliza shughuli gani. Bi Zuhura, aliyerudi kwenye kundi na aliyekuwa na ulimi wenye nguvu kuliko kipimo changu, aliwapigia akina mama mmoja mmoja: "Yule fundi ana shida na majiko. Mwazimeni, maskini." Kila mtu alijua. Hakuna aliyelazimika kusema alikuwa amekosea, maana hakukosea. Alikuwa tu amemsaidia mzee mmoja mwenye shida ya ajabu.

Banda langu la bustani likajaa. Majiko ya udongo, ya bati, moja la chuma cha gurudumu kutoka Lubumbashi ambalo niliumia mgongo kulibeba. Derek, aliyekuwa amestaafu na kukaa mtaa wa pili, alikuja na mkongojo wake, akachungulia.

"Unafungua mgahawa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Nani amekufundisha?" akauliza, na mimi nikamwachia ajijibu.

Wa mwisho kuleta alikuwa Doto. Alikuja bila taa yake ya duara, jiko likiwa ndani ya mfuko wa ununuzi. Hakukaa.

"Mzee, hili ni la mke wangu. Kasema unaazima."

"Naazima."

"Mlikuwa mnachomea nyama ndani?" Hilo sikuliuliza. Nilitaka, na lilinifika hadi kwenye meno. Nilisema, "Karibu chai."

"Siku gani?" akauliza, akicheka kidogo. Kumbe majibu yangu alikuwa anayasoma.

Mwaka ule nilikuwa namaliza kazi, tiketi ya kurudi ikiwa tayari. Majira ya joto yalipofika kweli, siyo yale ya kalenda, niliwaita wote bustanini kwangu Kingstanding waje kuchukua vyao. Nilikuwa nimeyasafisha, nimebadilisha vishikio vilivyooza, nimesiriba udongo mpya pale palipopasuka. Nimesema mimi ni fundi. Niliita jina la kila mmoja, naye akaja mbele kupokea, kama siku ya mahafali.

Bi Zuhura alikuwa wa kwanza. Akalipokea jiko lake, akachungulia ndani, akaingiza mkono. Akatoa kengele ya kaboni monoksaidi, mpya, ndani ya boksi lake.

"Hii nini?"

"Hairudi tupu," nilisema.

Wengine wakaanza kuchungulia ya kwao. Kila jiko lilikuwa na kengele yake. Niliwaonyesha pa kuifunga nyumbani na kitufe cha kujaribia, na kosa langu lilikuwa kusema kitufe kiko wapi kabla ya kusema wasikibonyeze wote pamoja. Bustani nzima ililia. Salha akaziba masikio na kuruka ruka. Derek, kwenye kiti chake kando ya ua, akanyanyua kikombe cha chai juu. Doto aligeuza yake upande huu na huu, akaiweka sikioni baada ya kelele kwisha, kisha akatoa bisibisi mfukoni na kuufungua mfuniko. Akatazama ndani muda mrefu. Akaurudisha mfuniko, akakaza skrubu vizuri, akaiweka mfukoni mwa shati.

Kisha mkaa ukawashwa, pale pale nje, upepo ukipita. Mkate wa kumimina uliokwa kwa makaa chini na juu, na nakiri kwamba oveni haiwezi.

Walipoondoka, kila mmoja na jiko lake, nilifagia banda. Lilikuwa tupu mara ya kwanza tangu baridi, na sikuwa na kitu cha mtu. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura kwenye kundi, mbele ya watu wote wa Birmingham na wa nyumbani, akiwemo mtoto wa baba mdogo Mtinda, ambaye nilikuwa nimemwongeza mwenyewe miaka iliyopita kwa makusudi.

"Jamani, Fundi Mkumbo aondoka. Vitu vyote alivyoazima kavirudisha, na hakuna kilichorudi tupu. Hana deni la mtu."